Ugonjwa wa fizi uliokomaa: Ni lini upasuaji huokoa jino?

Katika mtaa wa Nyarutarama, wilayani Gasabo mjini Kigali, kliniki binafsi za meno ziko jirani na ofisi, makazi ya wanadiplomasia na uwanja wa gofu wa jiji. Ng'ambo ya bonde, katika eneo la Kacyiru, ipo Hospitali ya King Faisal, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka pembe zote za Rwanda. Mtu mwenye meno yanayotikisika na fizi zinazotoa usaha, awe ametembea kwa miguu kutoka jirani au amepanda basi kutoka mkoa wa mbali, huja na swali lilelile: je, meno haya yang'olewe, au bado yanaweza kuokolewa?

Jibu halipatikani kwa kutazama kinywa mara moja. Ugonjwa wa fizi uliokomaa, unaoitwa kitaalamu periodontitisi, una hatua zake na vipimo vyake, na tiba zake hufuata mpangilio maalumu. Upasuaji ni sehemu ya mpangilio huo, lakini si mwanzo wake. Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji mapema mno anaweza kupoteza fedha na hata sehemu ya ufizi uliokuwa mzima. Naye anayechelewa huweza kupoteza mfupa ambao hakuna daktari atakayeurudisha wote.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, ugonjwa mkali wa fizi huwapata takriban asilimia 19 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi duniani, yaani watu zaidi ya bilioni 1.

Ugonjwa huanzaje?

Kila jino limeshikiliwa katika taya na nyuzinyuzi ndogo sana zinazounganisha mzizi wake na mfupa. Ufizi, ambao kwa Kinyarwanda huitwa ishinya, hufunika mfupa huo na kuuzingira mzizi kama ukosi wa shati unavyozingira shingo. Kati ya ufizi na jino kuna mfereji mwembamba ambao, kinywa kikiwa na afya, kina chake hakizidi milimita 3.

Utando laini wa bakteria, yaani ukoga, usipoondolewa kila siku hujikusanya ukingoni mwa ufizi. Baada ya muda hufyonza madini ya mate na kuwa ugaga, ambao ni mgumu kama jiwe na hauondoki kwa mswaki. Ufizi huvimba, huwa mwekundu na kutoa damu mtu anapopiga mswaki. Hatua hii huitwa jinjivitisi. Bado haijaugusa mfupa, na inaweza kupona kabisa.

Kwa baadhi ya watu ugonjwa hauishii hapo. Mwili unapopambana na bakteria, mapambano yenyewe huziharibu nyuzinyuzi na kuyeyusha mfupa. Ufizi huachana na mzizi na kuacha mfuko wenye kina cha milimita 5, 6, 8 au zaidi, ambamo mswaki haufiki. Humo bakteria wasiohitaji hewa hustawi. Mara nyingi hakuna maumivu makali, na ndiyo sababu wengi hufika hospitalini meno yakiwa yameanza kutikisika, kuachana au kuchomoza mbele.

Mambo mawili huuchochea ugonjwa huu kuliko mengine: tumbaku na kisukari kisichodhibitiwa. Mvutaji wa sigara anaweza hata kudanganyika, kwa kuwa tumbaku hupunguza utokaji wa damu kwenye fizi huku mfupa ukiendelea kuliwa chini kwa chini. Uhusiano wa kisukari na fizi nao ni wa pande mbili: sukari nyingi mwilini huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye uambukizo hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Funzo kutoka Machakos

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba, pasipo matibabu ya meno, karibu kila Mwafrika angepoteza meno yake kwa ugonjwa wa fizi. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Machakos, nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 1988, uliitikisa dhana hiyo. Watafiti Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji waliwachunguza watu 1,131 wa vijijini wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga na ugaga vilikuwa vingi karibu kwa kila mmoja. Hata hivyo, uharibifu mkubwa wa mfupa na nyuzinyuzi haukugawanyika sawasawa, kwani sehemu kubwa ya madhara ilikuwa imejikusanya kwa watu wachache katika kila rika.

Kwa mgonjwa wa leo mjini Kigali, Nairobi au Dar es Salaam, matokeo hayo yana maana mbili. Kwanza, kupoteza meno si sehemu ya lazima ya uzee. Pili, wapo watu ambao miili yao huathirika upesi na kwa ukali zaidi, na hao ndio wanaopaswa kutambuliwa mapema. Nchini Morocco, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba vijana waliobeba aina moja ya bakteria inayojulikana kama JP2 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa mkali wa fizi wangali vijana. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 ambaye meno yake yanatikisika hapaswi kuambiwa kwamba ni mdogo mno kuugua ugonjwa huu.

Daktari hupima nini?

Chombo cha kwanza cha daktari ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Hukiingiza taratibu kati ya jino na ufizi katika sehemu sita za kila jino, na kuandika kina cha kila mfuko. Huangalia kama pametoka damu au usaha, jino linatikisika kwa kiasi gani, na kama ugonjwa umefika kwenye panda ya mizizi, yaani mahali ambapo mizizi ya gego hugawanyika. Picha za eksirei huonyesha kiasi cha mfupa kilichobaki na umbo la shimo lililochimbika.

Tangu mkutano wa wataalamu wa dunia uliofanyika Chicago mwaka 2017, ugonjwa huu hugawanywa katika hatua nne kulingana na ukubwa wa madhara, na katika daraja tatu kulingana na kasi yake. Hatua ya 3 na ya 4 ndizo zinazohesabiwa kuwa ugonjwa uliokomaa. Katika hatua ya 3, kina cha mifuko hufikia milimita 6 au zaidi, na mgonjwa anaweza kuwa amepoteza hadi meno 4 kwa sababu ya fizi. Katika hatua ya 4 amepoteza meno 5 au zaidi, au hawezi tena kutafuna vizuri kwa kuwa meno yamehama na kulegea.

Mgonjwa ana haki ya kuonyeshwa vipimo hivyo. Anayeambiwa kwamba anahitaji upasuaji, au kung'olewa meno mengi, bila kina cha mifuko kupimwa na bila picha ya eksirei, ana sababu ya kutafuta maoni ya daktari mwingine.

Kabla ya kisu

Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Taaluma ya Fizi, uliotolewa mwaka 2020, unapanga tiba katika ngazi, na upasuaji umewekwa katika ngazi ya tatu. Ngazi ya kwanza ni mgonjwa mwenyewe: kufundishwa kupiga mswaki ipasavyo, kusafisha katikati ya meno kwa viburashi vidogo, kuacha tumbaku, kudhibiti sukari, na kuondolewa ugaga unaoonekana.

Ngazi ya pili ni kusafisha mizizi chini ya ufizi. Daktari humchoma mgonjwa sindano ya ganzi, kisha hutumia vifaa vya mkono au mashine ya mitetemo kuondoa ugaga na bakteria ndani ya mifuko, bila kupasua. Baada ya hapo husubiri. Takriban miezi mitatu baadaye hupima tena kila mfuko.

Subira hiyo ina sababu yake. Uvimbe ukipungua, ufizi hukaza na mifuko mingi huwa mifupi. Palipoonekana kuhitaji upasuaji mara nyingi huwa hapauhitaji tena. Kwa mifuko ya milimita 4 au 5 iliyobaki, mwongozo unapendekeza kurudia usafishaji. Upasuaji hufikiriwa pale mifuko inapobaki na kina cha milimita 6 au zaidi.

Utafiti uliofanywa Sweden na Jan Lindhe na wenzake, na kuchapishwa mwaka 1982, ulieleza kwa nini mpaka huo ni muhimu. Waligundua kwamba upasuaji wa kufunua ufizi katika mifuko yenye kina chini ya milimita 4.2 ulisababisha, kwa wastani, kupotea kwa sehemu ya mshikamano wa jino badala ya kuongezeka. Kumpasua mtu ambaye mifuko yake ni mifupi ni kumdhuru.

Aina za upasuaji

Upasuaji wa kufunua ufizi ndio unaofanywa zaidi. Daktari hukata ufizi kwa uangalifu kufuata mstari wa meno, huuinua mithili ya kifuniko cha bahasha, na kuuona mzizi na mfupa kwa macho yake. Huondoa nyama iliyooza kwa uambukizo, husafisha mizizi, kisha huurudisha ufizi mahali pake na kuushona. Mbinu hii ina zaidi ya miaka 100. Daktari wa Sweden Leonard Widman aliieleza katika muongo wa 1910, na mwaka 1974 Sigurd Ramfjord na Robert Nissle walichapisha namna iliyoboreshwa, ambayo huhifadhi zaidi ufizi na mfupa.

Upasuaji wa kupunguza huondoa ufizi uliozidi, na pengine kuchonga kingo za mfupa zilizobaki kama vilele na mabonde, ili ufizi ulale vizuri na mswaki uweze kufika. Mfuko huisha, lakini meno huonekana marefu kuliko zamani. Ukataji wa ufizi peke yake hufaa hasa pale ufizi ulipokua kupita kiasi, jambo linaloweza kusababishwa na baadhi ya dawa: phenytoin inayotumiwa na wagonjwa wa kifafa, ciclosporin ya waliopandikizwa viungo, na nifedipine au amlodipine za shinikizo la damu. Mgonjwa wa aina hiyo asiache dawa mwenyewe. Amweleze daktari aliyemwandikia, ambaye anaweza kuibadilisha.

Upasuaji wa kujenga upya hulenga kurudisha sehemu ya mfupa na nyuzinyuzi zilizopotea. Msingi wake ulionyeshwa kwa binadamu mwaka 1982, pale Sture Nyman na wenzake walipoweka karatasi ya chujio ya maabara kati ya ufizi na mzizi. Kizuizi hicho kiliuzuia ufizi, ambao hukua haraka, usiwahi kuziba nafasi. Chembechembe za nyuzinyuzi, ambazo hukua polepole, zikapata muda wa kujijenga. Leo hutumika utando maalumu, vipande vya mfupa, au protini za enameli zinazopakwa juu ya mzizi.

Njia hii haifai kila mahali. Hufanya kazi vizuri zaidi katika shimo jembamba lililochimbika kando ya mzizi kwa kina cha milimita 3 au zaidi, lenye kuta za mfupa zinazoweza kushikilia tishu mpya. Mfupa ulioshuka kwa usawa kuzunguka meno yote haujengeki kwa njia hii. Mafanikio hupimwa baada ya miezi 6 hadi 12.

Upasuaji wa panda ya mizizi huhusu magego. Panda ikiwa imechimbika kiasi, daktari anaweza kujaribu kujenga upya. Ikiwa imetobolewa upande hadi upande, anaweza kuondoa mzizi mmoja uliooza na kubakiza mingine, kuligawa gego la chini vipande viwili, au kuacha njia inayopitisha kiburashi. Jino linalokatwa mzizi huhitaji kwanza tiba ya kiini chake.

Kupandikiza ufizi ni tiba ya aina nyingine. Daktari huchukua kipande cha tishu, kwa kawaida kutoka kwenye kaakaa, na kukishona pale ufizi uliposhuka na kuacha mzizi wazi. Hupunguza ganzi ya meno, huimarisha ufizi mwembamba na kuboresha mwonekano, lakini si tiba ya mifuko mirefu. Sharti ugonjwa uwe umetulizwa kwanza.

Baadhi ya kliniki duniani hutangaza leza kama mbadala usio na kisu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 haukupendekeza leza iongezwe kwenye usafishaji wa mizizi, kwa kuwa ushahidi wa faida yake haukutosha.

Vifaa vinatoka wapi?

Kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, swali hili lina uzito wa kidini. Protini za enameli zinazotumika kujenga upya hutolewa kwenye vijino vya nguruwe wachanga. Tando nyingi za kolajeni nazo hutengenezwa kwa tishu za nguruwe au ng'ombe. Vipande vya mfupa vinaweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa binadamu mwingine aliyefariki, kwa ng'ombe, au vikatengenezwa kiwandani.

Mwislamu, Mhindu, Msabato au mtu mwingine mwenye msimamo kuhusu jambo hili ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini ridhaa. Mara nyingi kuna mbadala. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe, vifaa vya kiwandani, au upasuaji wa kufunua bila kupandikiza kitu ni baadhi ya njia zinazoweza kujadiliwa.

Siku ya upasuaji na siku zinazofuata

Upasuaji wa fizi kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya mahali, mgonjwa akiwa macho, na sehemu moja ya kinywa hushughulikiwa kwa wakati mmoja. Anaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Uvimbe na maumivu ya wastani hudumu siku chache na hutulizwa kwa dawa za kawaida. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili, na kwa upasuaji wa kujenga upya zinaweza kubaki muda mrefu zaidi.

Katika kipindi hicho mgonjwa hapigi mswaki mahali palipopasuliwa. Badala yake husukutua kwa dawa ya klorheksidini aliyoelekezwa na daktari. Dawa hiyo inaweza kuacha madoa ya kahawia kwenye meno na kubadilisha ladha ya chakula kwa muda. Chakula laini kisicho cha moto, kuepuka pombe na kutovuta sigara hata moja husaidia kidonda kufunga.

Zipo athari ambazo mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema. Ufizi uliokuwa umevimba hushuka, meno huonekana marefu, mianya meusi hujitokeza kati yake, na mizizi iliyoachwa wazi huhisi baridi na moto. Kutokwa na damu kusikokoma, homa, au uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu ni dalili za kurudi kwa daktari bila kungoja.

Nani asubiri kwanza?

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa anashauriwa kuishusha sukari kwanza, kwa sababu kidonda chake huchelewa kupona. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aeleze, lakini asiziache kwa uamuzi wake. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, ambazo baadhi yake zinaweza kudhuru taya baada ya upasuaji. Mjamzito anaweza kusafishwa meno na mizizi, ila upasuaji usio wa dharura huahirishwa hadi baada ya kujifungua. Maambukizi ya virusi vya HIV si kizuizi iwapo mgonjwa anatumia dawa vizuri na afya yake imetengemaa.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni kinywa kisichosafishwa. Mwaka 1977, Nyman, Lindhe na Bengt Rosling walichapisha matokeo ya wagonjwa 25 waliofanyiwa upasuaji kwa mbinu tano tofauti, kisha wakaachwa bila uangalizi wa karibu wa usafi. Katika miaka miwili ugonjwa ulirudi katika makundi yote, na wakazidi kupoteza mshikamano wa meno. Kwa msingi huo, mwongozo wa Ulaya unashauri upasuaji usifanywe kwa mtu ambaye hajaweza kudumisha usafi wa kinywa.

Jino lisipookoleka

Yapo meno yasiyo na tumaini: mfupa umeliwa hadi ncha ya mzizi, au jino linatikisika hata kuzama na kupanda mtu anapotafuna. Kuling'oa jino la namna hiyo hupunguza uambukizo na kulinda meno jirani. Lakini kulegea peke yake si hukumu ya kung'olewa. Meno yaliyolegea kiasi yanaweza kufungwa pamoja kwa waya au gundi maalumu, na mengi hukaza baada ya ugonjwa kutulizwa.

Vipandikizi vya chuma vinavyotiwa ndani ya taya huonekana kwa wengi kama njia ya mkato. Hata hivyo, mtu aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata uambukizo wa aina hiyohiyo kuzunguka kipandikizi, na uambukizo huo ni mgumu kutibu. Ndiyo maana fizi hutibiwa kwanza, kisha kipandikizi hufuata.

Huduma nchini Rwanda

Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha ukubwa wa pengo lililopo. Miongoni mwa watu zaidi ya 2,000 waliochunguzwa, asilimia 70.6 hawakuwahi kumwona mtoa huduma yeyote wa afya ya kinywa maishani mwao. Kwa watu wazima, asilimia 60 walikuwa na ugaga.

Kwa muda mrefu huduma nyingi za meno nchini humo zilitolewa na matabibu waliofunzwa katika Taasisi ya Afya ya Kigali, na mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013 kwa ushirikiano na vyuo vya Marekani, kikiwemo Harvard. Katika eneo la Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitangulia kwa kuanzisha mafunzo hayo mwaka 1974.

Bima ya afya ya jamii, maarufu kwa jina la Mituweli, inayosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda tangu mwaka 2015, kwa kawaida humtaka mwanachama aanzie kituo cha afya, apewe rufaa ya hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hospitali ya rufaa. Kliniki binafsi, kama zile za Nyarutarama, hutegemea zaidi bima binafsi au malipo ya mgonjwa mwenyewe. Tofauti hiyo inaweza kuamua hatima ya jino. Kung'oa huchukua dakika chache na ni nafuu. Kuokoa huhitaji ziara nyingi, vifaa na ufuatiliaji wa miaka.

Hata hivyo, sehemu ya tiba yenye manufaa makubwa kuliko zote si ya gharama kubwa zaidi. Kufundishwa usafi na kusafishwa mizizi kunaweza kutolewa mahali popote palipo na mtaalamu wa meno aliyefunzwa na vifaa vya msingi. Upasuaji, hasa wa kujenga upya, ndio unaomhitaji daktari bingwa wa fizi au mwenye mafunzo ya ziada.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kabla ya kukubali upasuaji, mgonjwa anaweza kuuliza: Mifuko yangu ina kina gani leo, na ilikuwa na kina gani kabla ya kusafishwa mizizi? Ni meno gani hasa yatakayopasuliwa, na kwa nini? Ni nini kitatokea nisipopasuliwa? Vifaa vitakavyotumika vinatokana na nini? Gharama inajumuisha ufuatiliaji, au upasuaji pekee? Na nikishaondoka hapa, nirudi lini?

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Baada ya tiba, mgonjwa wa periodontitisi huhitaji kupimwa na kusafishwa kila baada ya miezi 3 hadi 12, kulingana na hali yake, kwa maisha yake yote. Ugonjwa huu hutulizwa, ila tabia ya mwili kuathirika haiondoki. Kisu kinaweza kumfungulia daktari njia ya kuufikia mzizi kwa saa moja. Saa nyingine zote zinabaki mikononi mwa mwenye meno, asubuhi na usiku, kwa mswaki na kiburashi cha katikati ya meno.